Sayyidna Umar (R.A.) na vichochoro vya dhiraa saba

 

Ndugu zetu Waislamu, msimu wa mvua uliopita tulihudhuria maziko katika mtaa mmoja wa Manispaa yetu ya Songea, mtaa ambao hatutautaja kwa sababu wenyewe wanaujua, na kwa sababu iko mingine mingi inayofanana nao. Maiti alikwisha oshwa na kuvishwa sanda, akalazwa ndani ya jeneza, na wabebaji wakatoka naye nyumbani ili wawahi msikitini kwa Sala ya Adhuhuri. Hawakufika mbali. Hatua chache kutoka mlangoni kichochoro kilikuwa kimebanwa na kuta mbili mpya, moja kulia na moja kushoto, kila jirani akiwa amesogea kidogo tu kwenye njia ambayo hakuna aliyewahi kuambiwa upana wake. Wabebaji hawakuweza kupita wawili wawili. Ikabidi jeneza linyanyuliwe juu ya ukuta na kupokewa upande wa pili na vijana waliopanda juu ya matofali, na kwa kitambo likawa limeinama, huku kina mama waliobaki uani wakiziba vinywa kwa mikono. Hapakuwa na mtu aliyekusudia ubaya. Mwenye ukuta wa kulia alikuwa mmoja wa wabebaji.

Tuliporudi kutoka makaburini mazungumzo yakawa yale yale ya siku zote. Wapo waliotaka Manispaa ije ipake alama ya X nyekundu na kubomoa, na wapo walioomba Manispaa isije kabisa. Sisi tulimkumbuka mtu aliyefariki dunia mwaka 644, ambaye katika kurasa kama hizi husimuliwa zaidi kwa uadilifu wake, kwa vazi lake lenye viraka na kwa matembezi yake ya usiku kuwakagua raia. Yote hayo ni kweli. Lakini Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alikuwa pia mtu aliyeamrisha upana wa njia kabla nyumba hazijajengwa, na upande huo wa maisha yake hausimuliwi sana.

Alizaliwa Makka yapata mwaka 584, kiasi cha miaka 13 baada ya Mwaka wa Tembo, katika ukoo wa Bani Adiy, ukoo wa Kikuraishi usiokuwa miongoni mwa matajiri wakubwa. Utotoni alichunga ngamia wa baba yake, Al-Khattab, ambaye hakuwa mpole. Alipokua alifanya biashara, akajua kusoma na kuandika katika zama ambazo waliojua walikuwa wachache, na Makuraishi wakamtegemea kama mjumbe wao kwa makabila mengine. Uislamu ulipokuja aliupinga kwa nguvu. Kisa cha kusilimu kwake, mnamo mwaka wa sita wa Utume, wasomaji wetu wanakijua tangu madrasa: jinsi alivyotoka na upanga, akaelekezwa nyumbani kwa dada yake Fatima na shemeji yake Said bin Zayd, akasikia Surat Twaha ikisomwa, na moyo wake ukalainika. Baada ya hapo Waislamu waliweza kuswali hadharani mbele ya Al-Kaaba. Alihama kwenda Madina, akapigana katika vita vikubwa pamoja na Mtume (S.A.W.), akawa mkwe wake kwa binti yake Hafsa, na baada ya Sayyidna Abubakar (R.A.) kufariki mwaka 634 akashika ukhalifa kwa miaka 10.

Katika miaka hiyo 10 dola ilipanuka kwa kasi isiyokuwa na mfano. Sham, Iraki, Misri na Baitul Maqdis ziliingia chini ya utawala wa Waislamu, na vitabu vya historia vimejaa majina ya vita hivyo. Lakini vita vinapokwisha huacha swali ambalo majemadari hawakulizoea. Maelfu ya wapiganaji pamoja na wake na watoto wao walikuwa wametoka majangwani, wengi wao hawajawahi kuishi katika nyumba ya ukuta, na sasa walitakiwa kukaa mahali pamoja moja kwa moja. Wangekaaje? Nani angekuwa karibu na msikiti? Njia ya farasi ingepita wapi? Maji machafu ya huyu yangeangukia mlango wa nani?

Waliokuwa Iraki walikaa kwanza Al-Madain, mji wa wafalme wa Kiajemi. Ujumbe ulipokwenda Madina, Khalifa alizitazama nyuso za wajumbe akaona rangi zao zimebadilika na miili imedhoofu. Akamwandikia Sa'ad bin Abi Waqqas (R.A.) kuuliza sababu, akajibiwa kwamba hali ya hewa ya mahali pale haikuwafaa. Akaamuru itafutwe ardhi kavu itakayowafaa watu na ngamia wao, isiyotenganishwa na Madina kwa mto wala bahari. Salman Al-Farisi na Hudhayfa bin Al-Yaman wakatumwa kutafuta, na wakapachagua Kufa, magharibi ya mto Furati. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa 17 Hijria, yaani 638 Miladia.

Hapa tunawaomba wasomaji waende nasi polepole, kwani yaliyofanyika Kufa ndiyo kiini cha makala haya.

Kitu cha kwanza kuwekewa mipaka kilikuwa msikiti. Mpiga mishale hodari alisimama katikati ya kiwanja akarusha mshale kila upande, na ikaamriwa kwamba atakaye kujenga ajenge nyuma ya pale mishale ilipoangukia. Uwanja huo wa kati ukazungushiwa handaki ili mtu asije akausogelea kidogo kidogo. Kisha zikachorwa njia. Kazi hiyo alikabidhiwa Abul-Hayyaj bin Malik Al-Asadi, naye alikuwa na vipimo mkononi vilivyotoka kwa Khalifa mwenyewe: njia kuu dhiraa 40, zinazofuata dhiraa 30, zilizo baina ya hizo dhiraa 20, na vichochoro dhiraa 7, pasiwe na kichochoro chini ya hapo. Tukiikadiria dhiraa kuwa kama nusu mita, njia kuu ilikuwa na mita 20 hivi, na kichochoro chembamba kuliko vyote mita tatu na nusu. Jeneza linapita hapo, na wanaolisindikiza wanatembea ubavuni mwake bila kuinamisha kitu.

Dhiraa 7 hazikuwa ubunifu wa Umar (R.A.). Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamua kuwa watu wakigombana juu ya njia, basi iwekwe dhiraa 7. Alichofanya Khalifa ni kuichukua hukumu iliyokuwa ya kumaliza ugomvi na kuitanguliza kabla ya ugomvi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa mtazamo wetu ndiyo kazi yote ya upangaji miji. Basra, iliyoanzishwa na Utba bin Ghazwan kwa amri ya Khalifa huyo huyo, nayo ilikuwa na vipimo vyake. Al-Mawardi anaeleza kwamba njia yake kuu ilikuwa dhiraa 60, nyingine dhiraa 20 na vichochoro dhiraa 7, na katikati ya kila mtaa kuliachwa uwanja wa kufungia farasi na kuzikia wafu.

Mwanzoni watu wa Kufa walikaa katika mahema, kisha wakaomba ruhusa ya kujenga kwa matete, wakapewa. Haikupita muda moto ukazuka, ukateketeza vibanda 80 na kuacha majivu. Sa'ad akatuma watu Madina kuomba idhini ya kujenga kwa matofali ya udongo. Khalifa hakukataa. Aliruhusu kwa masharti mawili, kwamba mtu asizidishe vyumba vitatu na kwamba watu wasishindane kwa urefu wa majengo. Walipotaka kujua kipimo cha urefu huo, akawaeleza kwamba ni kile kisichomkaribisha mtu kwenye ubadhirifu wala kumtoa kwenye wastani. Tunakiri kuwa sharti hili la pili halina namba, na afisa mipangomiji wa leo angeomba lifafanuliwe. Lakini masharti hayo yalitolewa baada ya maafa, kwa watu waliokuwa tayari kusikia, na yalikuwa machache kiasi kwamba kila baba wa nyumba aliweza kuyakariri.

Wataalamu wa siku hizi wanaita jambo hili kanuni za usanifu wa mji. Ni maandishi mafupi yanayotangulia ujenzi, yanayosema njia iwe na upana gani, nyumba isimame umbali gani kutoka barabarani, iende juu kiasi gani, dirisha lisielekee wapi. Mwenye kiwanja anajua, jirani yake anajua, na afisa wa halmashauri hana la kubuni kichwani mwake siku anapoombwa kibali. Mwaka 2021 serikali ya Uingereza ilitoa kielelezo cha kanuni za namna hiyo ili kila halmashauri iandike za kwake kwa kushirikiana na wakazi, baada ya kuona kwamba kubishana juu ya kila jengo peke yake kunachosha na hakuleti mitaa mizuri. Wamefika huko baada ya safari ndefu.

Turudi Kufa, maana Khalifa hakumaliza kwa kuchora njia. Nyumba ya hazina ilivunjwa na mwizi aliyetoboa ukuta. Jibu la Umar (R.A.) halikuwa kuongeza askari. Aliagiza msikiti na nyumba ya utawala vijengwe kwa kupakana, kwa kuwa msikitini hamkosi watu mchana na usiku, na macho yao yangekuwa mlinzi wa mali yao wenyewe. Kisha zikamfikia habari kwamba Sa'ad, aliyekuwa akisumbuliwa na kelele za sokoni, ameweka mlango unaowazuia watu kumfikia, na kwamba nyumba hiyo watu wameanza kuiita kasri lake. Sa'ad (R.A.) ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, na hatuna haki ya kumsema vibaya. Hata hivyo Khalifa alimtuma Muhammad bin Maslama kutoka Madina hadi Iraki kwa kazi moja tu. Alipofika alinunua kuni, akauchoma mlango ule, akageuza safari. Soko nalo liliachwa bila majengo ya kudumu. Aliyetangulia kufika mahali asubuhi palikuwa pake hadi anaondoka, kama ilivyo nafasi ya mtu msikitini.

Na Misri pia. Amr bin Al-As (R.A.) alipoanzisha Fustat, sahaba mmoja aitwaye Kharija bin Hudhafa alijenga chumba cha ghorofani, cha kwanza katika mji ule. Habari zikafika Madina kwamba kutoka huko juu anaweza kuona nyua za majirani. Ibn Abdil-Hakam, mwanahistoria wa Misri, amehifadhi mapokezi zaidi ya moja juu ya barua ya Khalifa. Katika mojawapo aliagiza chumba kibomolewe. Katika jingine aliagiza jambo la busara zaidi kwa maoni yetu, kwamba kiwekwe kitanda chini ya dirisha, asimame juu yake mtu asiyekuwa mrefu wala mfupi, na akiweza kuchungulia kwa jirani dirisha lizibwe. Asipoweza, Kharija aachwe na chumba chake. Mafakihi waliokuja baadaye walijenga milango mizima ya fiqhi ya majirani juu ya visa kama hivi na juu ya msingi wa Mtume (S.A.W.) unaokataza kudhuru na kulipizana madhara. Wenzetu waliotembea Mji Mkongwe wa Zanzibar wameona nyua zilizofichwa ndani ya kuta na baraza zinazopokea wageni nje. Huko nako stara ya familia imepewa nafasi yake ndani ya ujenzi.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema kwamba ni rahisi mtawala kuwawekea wengine masharti. Kwa hiyo tunaona ni wajibu kueleza yaliyompata Khalifa mwenyewe mjini Madina.

Ijumaa moja alivaa nguo zake akashika njia kwenda msikitini. Juu ya njia hiyo ulitokeza mlizamu wa nyumba ya Al-Abbas (R.A.), ami yake Mtume, na siku hiyo palikuwa pamechinjwa kuku wawili huko juu. Maji yaliyochanganyika na damu yakamwagika kupitia mlizamu yakamwangukia Khalifa. Akaamuru mlizamu ung'olewe, akarudi kubadili nguo, akaenda kuswalisha. Baadaye Al-Abbas akamwendea na kumweleza kwamba mlizamu ule aliuweka Mtume (S.A.W.) kwa mkono wake mahali pale. Umar (R.A.) hakutafuta hoja. Alimwapia Al-Abbas kwamba lazima apande juu ya mgongo wake, mgongo wa Khalifa, aurudishe ulipokuwa. Naye akapanda, akaurudisha. Sisi tunaokaa chini ya vilima vya Matogoro, ambako mvua ya Novemba hadi Aprili ikishuka haimwombi mtu ruhusa, tunaelewa vizuri ugomvi wa maji ya paa. Katika kesi hii aliyeloa alikuwa mkuu wa dola, na kanuni iliyotangulia ikamshinda.

Mwaka ule ule wa 17 Hijria Msikiti wa Mtume ulikuwa umewafinya watu, Khalifa akaazimia kuupanua, na nyumba ya Al-Abbas ikawa njiani. Alimtaka aiuze, au apewe kiwanja kingine, au aitoe sadaka. Al-Abbas akakataa yote matatu. Wakakubaliana kumfanya Ubayy bin Ka'ab (R.A.) mwamuzi, na Ubayy akahukumu kwamba Khalifa hana haki ya kumtoa mtu nyumbani kwake bila ridhaa yake, hata kwa ajili ya msikiti. Khalifa akakubali hukumu. Ndipo Al-Abbas, alipokwisha kushinda, akaitoa nyumba yake bure kwa Waislamu, na Umar akamjengea nyingine. Msikiti ulipanuliwa kwa matofali ya udongo na makuti ya mtende kama ulivyokuwa, naye akamwonya mjenzi awakinge watu na mvua, asiupake rangi nyekundu wala ya manjano ikawashughulisha waumini. Kando yake akatenga uwanja ulioitwa Al-Butayha, kwa wale wanaotaka kuzungumza kwa sauti au kusoma mashairi, ili msikiti ubaki na utulivu wake. Ni mara chache tumeona anayekataza jambo akaonyesha papo hapo mahali pa kulifanyia.

Tusifiche kwamba Makka alifanya tofauti. Mafuriko makubwa yaliingia Msikiti Mtukufu mwaka huo huo na kuliondoa Maqamu Ibrahim mahali pake. Umar (R.A.) alikwenda mwenyewe, akalirudisha, akajenga ukingo wa kuzuia maji sehemu ya juu ya mji, akanunua nyumba zilizoizonga Al-Kaaba na kuzibomoa. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilithaminiwa, fedha zikawekwa katika hazina ya Al-Kaaba hadi walipokuja kuzichukua. Hoja yake ilikuwa kwamba wao ndio walioijia Al-Kaaba na kujenga katika uwanja wake, si Al-Kaaba iliyowajia wao. Wanazuoni wamejadili visa hivi viwili, na sisi si wa kuwaamulia. Tunaona tu kwamba katika vyote viwili hakuna aliyeondoka mikono mitupu, na hakuna aliyeamkia tingatinga mlangoni.

Kipo kisa kingine katika Muwatta wa Imamu Malik. Ad-Dahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama, yule yule aliyetumwa kuchoma mlango wa Kufa. Mfereji ungemnufaisha mwenye ardhi pia, mwanzo wake na mwisho wake, wala usingemdhuru, lakini akakataa. Umar (R.A.) aliapa kwamba utapita, hata ikibidi upite juu ya tumbo lake. Ukapita. Mtumishi mwaminifu wa Khalifa hakupata upendeleo katika shamba lake.

Kwetu Songea hali si kama Kufa, na ingekuwa udanganyifu kujifanya ni sawa. Abul-Hayyaj alichora njia juu ya mchanga mtupu. Mji wetu ulianza na boma la Wajerumani mwaka 1897, ukakua juu ya mashamba na njia za watu waliokuwapo kabla, na neno kanuni ya ujenzi lilifika nchini mwetu likiwa na sura mbaya. Amri ya ujenzi ya Dar es Salaam ya mwaka 1891 iliugawa mji kwa aina ya majengo, na kwa kufanya hivyo ikawagawa watu: Mzungu huku, Mhindi pale, Mwafrika kule. Si ajabu wazee wetu waliposikia vipimo walielewa kufukuzwa. Kufa nayo iligawanywa kwa makabila, kila kabila na eneo lake, lakini kichochoro cha kabila dogo hakikuwa chembamba kuliko cha kabila kubwa.

Leo nchi yetu ina Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 na zipo kanuni za viwango chini yake. Tatizo tunalolijua sisi tunaokaa mitaani ni kwamba viwango hivyo hukaa katika michoro ya ofisini, wakati viwanja pembezoni mwa mji huuzwa kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nayo hutaja urefu wa kiwanja, majina ya mashahidi na kiasi cha fedha. Upana wa njia hautajwi. Urasimishaji unapokuja miaka kadhaa baadaye, mpimaji anakuta nyumba zimekwisha kusimama, na kila futi ya barabara inabidi iombwe kwa mtu aliyekwisha mwaga msingi. Wako wanaokubali kuimega ardhi yao kwa ajili ya jirani, Allah awalipe, na wako wasiokubali.

Baada ya yale maziko, imamu wa msikiti ule aliwakalisha majirani barazani pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hawakuzungumza habari za kubomoa mji mzima. Walikata kamba yenye urefu wa dhiraa 7, wakaenda nayo kichochoroni, wakaivuta kutoka ukuta hadi ukuta, ikabaki nusu yake mkononi. Mwenye ukuta wa kulia aliurudisha nyuma mwenyewe kabla mvua haijakatika. Wa kushoto aliomba apewe muda hadi avune mahindi, na tulipokuwa tukiandika makala haya ukuta wake ulikuwa bado umesimama. Kamba imefungwa kwenye nguzo ya msikiti, na tumesikia kwamba watu wawili wanaotaka kujenga mwaka huu wamekwenda kuiazima.

Sayyidna Umar (R.A.) hakuiona Kufa wala Basra aliyoiwekea vipimo. Mwezi wa Dhulhijja mwaka wa 23 Hijria, Novemba 644, alichomwa kisu na Abu Lu'lu'a akiwa mihrabuni anaanza kuswalisha Alfajiri. Katika siku chache alizobaki nazo aliacha uchaguzi wa Khalifa mikononi mwa maswahaba sita, akamwomba ruhusa Mama wa Waumini Aisha (R.A.) azikwe karibu na Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.), na akampa mwanawe Abdullah hesabu ya madeni yake ili yalipwe kutoka mali ya familia. Deni lilikuwa kubwa, na nyumba yake iliyokuwa karibu na msikiti ikauzwa kulilipa. Watu wa Madina waliiita Nyumba ya Malipo. Miaka mingi baadaye ilibomolewa, na mahali pake pakaachwa uwazi kwa ajili ya wanaokwenda kuswali.